Nilimfunga mzee wa watu kwa pindo la kanga, na binti yake hajui

Shikamoo mama mshauri,

Nimeianza barua hii mara tatu nikaifuta. Naomba usitaje jina langu wala mtaa. Niseme tu kwamba niko Tanga mjini, nina miaka 34, na kazi yangu ni kulea wazee katika nyumba ya mtu binafsi.

Si makazi ya serikali. Ni nyumba ya zamani yenye vyumba vikubwa na baraza, ambayo mama mmoja, muuguzi mstaafu, aliigeuza kuwa mahali pa kulelea wazee ambao watoto wao wako mbali. Alianza na wawili. Sasa wapo tisa, na watano kati yao wana ule ugonjwa wa kusahau ambao daktari anauita dimenshia. Mchana tupo wahudumu wawili na mpishi. Usiku ni mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyo ni mimi.

Mwenye nyumba namwita Mama, na si kwa heshima ya mdomoni. Nilipoachika mwaka 2019 nikiwa na mtoto mdogo na sina pa kulaza ubavu, yeye ndiye aliyenipa chumba cha uani. Akanifundisha kupima presha, kumgeuza mgonjwa kitandani na kumwogesha mtu mzima bila kumvua nguo zote mbele ya wenzake. Sare za shule za mwanangu amenunua yeye. Mshahara wangu ni shilingi 180,000, unachelewa lakini unafika.

Sasa kuna mzee mmoja, nitamwita Bi Tatu, si jina lake. Ana miaka 78. Miaka arobaini alipika vitumbua Ngamiani na kwa hivyo vitumbua akasomesha. Ni mpole mno. Jina langu halishiki, ananiita Zuhura, ambaye nasikia alikuwa mdogo wake, marehemu sasa. Binti yake yuko Muscat kwa kazi za ndani, na huko analea mama mzee wa bosi wake. Anatuma 350,000 kila mwezi, hajawahi kuruka hata mmoja, na kila Ijumaa baada ya sala anapiga simu ya video. Siku hiyo tunamwogesha Bi Tatu, tunamvika kanga safi, tunamtia wanja, tunamkalisha barazani anamsubiri mwanawe hata kama hajui anasubiri nini.

Shida ni usiku. Ikifika saa tisa ananyanyuka. Zamani alikuwa anakwenda jikoni, anagusagusa sufuria, kisha namrudisha kitandani bila ugomvi. Lakini wiki tatu hizi kabadilika. Halali. Anavuta mashuka, anawaita watu waliokwisha kufa, anasema kuna watoto wamekaa juu ya kabati. Anajishika chini ya kitovu huku akiguna. Amenizaba kofi mara mbili. Usiku mmoja nilimkuta keshafungua mlango wa uani, na kwetu barabara haiko mbali.

Mama akaagiza awe anapewa kidonge cha kutuliza, anakinunua mwenyewe duka la dawa. Akipewa, kesho yake mpaka adhuhuri kichwa kimelalia kifua, mate yanatiririka, uji namlisha nusu yuko usingizini. Asipopewa, haki ya Mungu hakuna anayelala nyumba nzima. Kazi ya mashuka nayo ni kubwa, magodoro machache na masika hii hakikauki kitu, kwa hiyo tumeshazoea kuwapunguzia wazee maji kuanzia saa kumi jioni.

Jumanne moja usiku, mzee wa chumba cha pili alianguka chooni, damu inamtoka kichwani. Bi Tatu naye keshanyanyuka anaelekea mlangoni. Niko peke yangu. Nikachana pindo la kanga yangu, nikamfunga mkono kwenye chuma cha kitanda. Nilijiambia dakika kumi. Nilirudi baada ya saa nzima na ushei, alfajiri inaadhiniwa. Alikuwa amejikojolea. Amevuta mpaka kiwiko kimevimba, na pale fundo lilipokaa pana alama nyekundu inayozunguka mkono kama bangili. Hakuwa analia. Alikuwa analisugua lile fundo kwa kidole gumba, polepole, kama anayevunja donge kwenye unga. Akanitazama akasema, "Zuhura, nimekukosea nini?"

Asubuhi nilimweleza Mama nikitegemea atanifokea. Akasema, "Ndiyo kazi ilivyo, hata hospitali tulikuwa tunafunga. Bora afungwe kuliko avunjike nyonga." Toka siku hiyo imekuwa desturi. Kuna vipande vitatu vya kanga vimekatwa, vimekunjwa vizuri, viko kwenye droo ya dawa. Ijumaa iliyofuata Bi Tatu alivishwa gauni la mikono mirefu. Binti yake akasema, "Mashallah mama, umependeza." Simu nilishika mimi.

Nimepiga picha ya ule mkono. Nimtumie binti? Niende ustawi wa jamii? Nyumba ikifungwa, wazee tisa watakwenda wapi, na mimi na mwanangu tutakwenda wapi? Mwenzangu wa mchana ananiambia watoto wenyewe wamewatupa wazazi wao, mimi nakosea nini kulala usingizi. Kuna saa naona kasema kweli. Halafu nakikumbuka kile kidole gumba.

Nifanyeje, mama?

Mhudumu wa usiku, Tanga

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma jana usiku, nikaisoma tena alfajiri. Nimeona watu wanne ndani yake: mzee asiyeweza kujisemea, binti anayeamini anachokiona kwenye simu, mwenye nyumba aliyekupokea dunia ilipokufungia mlango, na wewe uliye katikati na fundo mkononi. Unaniuliza useme au usiseme, na useme kwa nani. Nitafika huko. Naomba kwanza nianze na jambo ambalo wewe umelipitia haraka, maana mimi ndilo lililonishtua kuliko hata ile alama.

Umesema "wiki tatu hizi kabadilika". Mwanangu, dimenshia haina kawaida ya kumbadilisha mtu ndani ya siku chache. Inakwenda kwa miezi na miaka, kama bahari inavyokula ufukwe. Mzee aliyekuwa mpole akianza ghafla kuona watoto juu ya kabati, kupiga watu, kugeuza usiku kuwa mchana, kitu cha kwanza cha kuuliza ni: anaumwa nini? Maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kufanya hivyo. Malaria inaweza. Kukosa choo siku nyingi, mkojo kuziba, nimonia, sukari kupanda au kushuka, kuanguka na kugonga kichwa bila mtu kuona, hata dawa mpya, vyote vinaweza. Na kwa mtu wa umri wake homa inaweza isipande kabisa, ukampapasa ukaona hana joto ukatulia. Yeye hawezi kukwambia "panachoma nikikojoa". Anajishika chini ya kitovu na kuguna. Anakueleza kwa njia aliyobaki nayo.

Sasa rudi kwenye yale maji ya saa kumi jioni. Najua hukuyaandika kama kosa, uliyaandika kama taratibu za kazi, na nyumba nyingi zinafanya hivyo, hata za familia. Lakini mzee asiyekunywa vya kutosha mkojo wake unakuwa mzito, choo kinafunga, maambukizi yanapata nafasi, akili inavurugika. Akivurugika anapewa kidonge. Kidonge kinamlaza mpaka adhuhuri, kwa hiyo maji ya asubuhi nayo hanywi. Usiku anavurugika zaidi, anafungwa. Sisemi kwa yakini kwamba ndivyo ilivyokwenda kwa Bi Tatu, mimi si daktari na sijamwona. Nasema hivi kwa sababu inawezekana yule mnayemfunga si mzee msumbufu, ni mgonjwa ambaye hajapelekwa hospitali, na kipimo cha mkojo, cha malaria na cha sukari si vitu vya kwenda kutafuta Dar. Hospitali ya Bombo ipo hapo hapo Tanga.

Hata ukiamua usimwambie mtu mwingine neno, hilo la hospitali lisingoje uamuzi wako. Na ikitokea siku umemwita hakuamka vizuri, au anapumua kwa shida, au ameanguka, usisubiri ruhusa ya mtu.

Kidonge chenyewe hukunitajia jina, nadhani hulijui. Litazame kwenye boksi. Kuna dawa za kutuliza akili, haloperidol ni mojawapo, ambazo mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali juu ya aina yake, mwaka 2005 kwa zile mpya na 2008 kwa zile za zamani, kwamba zinaongeza vifo kwa wazee wenye dimenshia. Daktari anaweza kuziandika, kwa dozi ndogo na muda mfupi, pale mtu anapokuwa hatari kwake au kwa wenzake, na akawa anamfuatilia. Kununuliwa dukani na kugawiwa kwa kukadiria ni jambo jingine. Lakini usikurupuke kukiacha peke yako usiku mmoja, kwa sababu baadhi ya vidonge vya usingizi vikikatwa ghafla baada ya kuzoeleka navyo vinaleta balaa lake. Kiende na mgonjwa hospitalini, daktari akione. Na uji usimpe akiwa nusu usingizini. Ukiingia mapafuni ni nimonia.

Nije kwenye kufunga. Mama yako amesema hospitali walikuwa wanafunga, na hasemi uongo. Hata Marekani, pamoja na fedha zao, wazee katika nyumba za kulelea walikuwa wanafungwa kwa mikanda kwenye viti na vitanda, mpaka ikatungwa sheria mwaka 1987 iliyompa mzee haki ya kutofungwa, wala kuleweshwa kwa dawa, kwa ajili ya kumrahisishia mhudumu kazi. Walichokuja kujifunza ni kwamba kamba hailindi nyonga kama tulivyodhani. Mzee anayefungwa miguu inalegea kwa kukosa kutembea, ngozi inachubuka kwa kulalia upande mmoja, anapambana na fundo, na siku akilegezwa ndiyo anaanguka vizuri. Muuguzi wa umri wake pengine hakufundishwa haya. Dimenshia kwetu kwa muda mrefu iliitwa uzee tu, au ikasemwa katupiwa kitu. Ulipofanyika utafiti wilaya ya Hai, kule Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010, walikuta watu kama 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea wana ugonjwa huu. Yeye ana watano chini ya dari moja, na elimu ya zamani.

Nasema hivi si kumtetea. Nakuuliza tu: una hakika ni mkatili? Au ni mtu aliyechoka, aliyebeba wazee tisa kwa hesabu ya wazee wanne, na akapata njia ya mkato kutoka kwako bila wewe kujua? Maana ile kanga ya kwanza ulichana wewe. Najua inakuuma nikiisema, na naisema kwa sababu wewe mwenyewe umeisema kwa ujasiri. Usiku ule ulikuwa na mtu anavuja damu na mtu anakwenda barabarani, na mikono miwili. Sijui mimi ningefanya nini. Ninachokiona tofauti ni vile vipande vitatu vilivyokunjwa kwenye droo. Cha kwanza kilichanwa na mtu aliyebanwa. Hivi vingine vimekatwa mchana, kwa mkasi, na mtu aliyekaa chini.

Neno ambalo limekuwa likinirudia katika barua yako ni sitara. Hukuliandika, lakini liko kila mahali. Mama alikusitiri wewe na mwanao, na kwetu mtu aliyekusitiri humwanikii mambo yake. Hilo nalielewa mpaka kwenye mfupa. Lakini soma tena ulivyoandika kwamba alikufundisha kumwogesha mtu mzima bila kumvua mbele ya wenzake. Huyo ni mwanamke anayejua sitara ya mzee ni nini. Pengine hujamkuta katika saa ile ya kuweza kuisikia. Ulimweleza asubuhi, wewe hujalala, yeye ana mzee kapasuka kichwa, na ulimweleza kama mtu anayekiri kosa. Naye akajibu kama mtu anayemfariji mwanawe: ndiyo kazi ilivyo. Inawezekana hujawahi bado kumwomba kitu.

Kwa hiyo njia moja ni kuanzia kwake, na kuanzia kwenye ugonjwa badala ya kosa. "Mama, Bi Tatu tangu wiki tatu si yule, na anashika tumbo. Wewe ni muuguzi, naomba tumpeleke." Huo ni mlango anaoweza kuupita bila kuinama. Hatari yake unaijua: anaweza kukasirika, anaweza kukubali mdomoni na droo ikabaki vilevile, na kila usiku unaopita katikati ni usiku wa Bi Tatu. Ukienda njia hii jiwekee wewe mwenyewe siku ya mwisho, kimoyomoyo, ya kungoja.

Na mkikaa, mpelekee hesabu. Mshahara wako ni 180,000. Mhudumu wa pili wa usiku kwa mshahara huohuo, gawa kwa wazee tisa, ni 20,000 kwa kila familia kwa mwezi. Sijui kama zote zinamudu. Lakini je, kuna familia hata moja iliyowahi kuambiwa kwamba usiku yupo mtu mmoja kwa wazee tisa? Nahisi hapana. Nahisi wanaona baraza, kanga safi na wanja. Umejaribu kuficha alama ya mkono, mwanangu, lakini kilichofichwa muda mrefu zaidi ni huo usiku wenyewe. Mtu hawezi kuchangia shida asiyoijua.

Hapo ndipo inaponijia habari ya watoto "waliowatupa wazazi". Mwenzako wa mchana analitumia neno hilo ili apate usingizi, simlaumu, kila mtu ana mto wake. Lakini wewe ndiye uliyeniandikia kwamba binti wa Bi Tatu hajaruka mwezi hata mmoja, na kwamba huko Muscat anamlea mama wa mtu mwingine. Huyo naye ana zamu ya usiku. Naye huenda ameshapigwa kofi na mzee asiyemjua. Tunasema sana siku hizi kwamba kumpeleka mzazi kulelewa ni kumtupa, na hata Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliiweka familia mbele na makazi nyuma. Ni sawa. Lakini familia yenyewe ikiwa ni mtu mmoja, na huyo mmoja yuko ng'ambo anatafuta 350,000, tusimwite mtupaji. Pengine umekwisha kuamua atakuchukia. Mimi sina hakika hiyo. Anaweza kulia, anaweza kukutukana siku hiyo, na anaweza pia kuwa mtu pekee duniani anayeijua kazi yako kama unavyoijua wewe.

Akiambiwa, naona kuna tofauti kubwa kati ya kuambiwa na Mama na wewe mkiwa pamoja, na kuambiwa na wewe peke yako pembeni. Ya kwanza inaacha mlango wa kutengeneza. Ya pili huenda ikawa ndiyo iliyobaki, kama Mama akikataa. Ikifika hapo, usianze na picha. Fikiria yuko jikoni kwa watu, simu inalia, anafungua anauona mkono wa mama yake una alama ya pingu ya nguo, na hana tiketi wala ruhusa ya bosi. Anza na sauti. Muulize kama yuko mahali anaweza kuzungumza. Mwambie alivyo leo, amekula nini, amepelekwa wapi. Kisha mwambie lililotokea, na mkono uliofunga ulikuwa wa nani. Ukilitoa hilo la kwako, atakuwa na sababu ya kuyaamini mengine. Na picha hiyo isitoke kwenye simu yako kwenda kundi lolote wala kwa rafiki yeyote. Ni mkono wa mtu asiyeweza kukukubalia wala kukukatalia.

Ustawi wa jamii. Nimeona unavyoliandika neno hilo kwa woga, kama polisi. Afisa ustawi wa jamii wa Halmashauri ya Jiji kazi yake ni pamoja na wazee, na unaweza kwenda kuuliza kabla ya kwenda kushitaki: nyumba kama hizi zinatakiwa ziweje, nani anazikagua, wanaweza kutoa mafunzo? Ipo pia sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, na ni vizuri umuulize msaidizi wa kisheria inakugusa vipi wewe kabla hujaandika chochote rasmi. Faida yake ni kwamba jicho la nje linaona wazee wote tisa, si Bi Tatu peke yake. Hatari yake ni hiyo uliyoiona: ukaguzi unaweza kuishia kwenye kufuli mlangoni, na mzee mwenye dimenshia akihamishwa ghafla kwenda asikokujua huwa anaporomoka. Kwa upande mwingine, nyumba inayoendelea hivi, iko siku mzee mmoja atafia kwenye fundo au kwenye kidonge, na siku hiyo kufuli litakuja bila wewe kuliita, na atakayeulizwa ni aliyekuwa zamu.

Unaweza pia kuondoka kimya. Hukuniuliza, lakini najua umelifikiria, kila mtu hulifikiria. Utapumzika wewe. Zamu ya saa tisa usiku atapewa mtu ambaye Bi Tatu hajawahi kumwita Zuhura.

Wakati unapima haya, kuna vitu vidogo ambavyo haviombi ruhusa ya mtu. Maji yarudi. Ukitaka kupunguza, punguza chai ya usiku, na umpeleke chooni kwa saa, kabla ya kulala na ile saa nane na nusu, kabla hajanyanyuka mwenyewe. Godoro lake shusha sakafuni kama linaweza kushuka. Tundika kitu chenye mlio kwenye mlango wa uani. Taa ya ukumbini iache inawaka, wazee wengi wanaviona vivuli kama watu.

Na kuhusu saa tisa. Miaka arobaini mpika vitumbua anaamka saa ngapi, mwanangu? Mchele umelowekwa toka jana, kuna kusaga, kuna hamira, kuna kukoroga mpaka uumuke kabla watu hawajatoka msikitini. Ulimwona anagusagusa sufuria ukadhani anazurura. Huenda alikuwa amechelewa kazini. Siku akitulia baada ya matibabu, jaribu kumwekea ungo na mchele achambue, au bakuli na mwiko. Kaa naye. Pengine robo saa itamtosha, pengine hatataka hata kukitazama, ugonjwa huu hauahidi. Kuna wengine nyimbo ndizo zinazowashusha. Mwanamke wa Tanga wa miaka 78 alikuwa binti enzi za vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star, na usishangae asiyekumbuka jina la mwanawe akaimba beti nzima.

Kuhusu lile swali, "Zuhura, nimekukosea nini?" Naona bado unalibeba. Unaweza kumjibu. Atakuwa amesahau kwamba aliuliza, lakini mkono ukishikwa vizuri anajua. Mwambie hakukosea kitu. Mwambie hata kama anakuita kwa jina la mtu mwingine.

Chanzo cha ile alama kielezwe kwa daktari siku mkienda, asije akatafuta ugonjwa wa ngozi. Na jina la kidonge, ukilisoma kwenye boksi, niandikie.